Walioimba Mateso ya Bwana kwa Siri



Kila mwaka Kwaresima inapokaribia, swali moja hurudi mlangoni pa ofisi ya parokia. Wazazi huuliza: Je, yafaa vijana wetu waimbe habari za Mateso ya Bwana kwa magitaa yao na makelele yao? Mzee mmoja alisema kwamba muziki wa namna hiyo ni wa vilabuni, na kwamba mtu mwenye nywele ndefu hana la kumwambia mwenzake juu ya Msalaba. Vijana nao husema kwamba wazee wanaziba masikio kabla wimbo haujaanza.

Mimi ni karani tu, na kazi yangu ni madaftari. Hukumu ya mambo ya ibada ni ya mapadre wetu na maaskofu. Lakini iko habari ya kweli ya nchi moja ya Ulaya inayogusa swali hili hasa. Ni habari ya vijana wenye nywele ndefu waliopiga muziki wa kutisha, wakafungwa, na baada ya kutoka gerezani wakaimba Mateso ya Bwana katika lugha yao ya Kicheki. Naomba muisome mpaka mwisho, kisha kila nyumba ipime yenyewe.

NCHI YA WAPIGA FIDLA

Katikati ya Ulaya ilikuwako nchi iitwayo Chekoslovakia. Tangu tarehe 1 Januari 1993 imegawanyika kuwa nchi mbili, Ucheki na Slovakia. Wacheki ni watu wa muziki tangu zamani. Hapo kale mwalimu wa shule ya kijiji ndiye aliyepiga kinanda cha kanisa, ndiye aliyewafundisha watoto fidla, na ndiye aliyeongoza kwaya siku ya Jumapili. Sisi tuliopita chuo cha ualimu tunaielewa kazi hiyo vizuri!

Tena, katika nchi ile palikuwa na desturi ya kuigiza Mateso ya Bwana. Katika kijiji cha Hořice na Šumavě, upande wa kusini, ambako watu wengi wakati huo walisema Kijerumani, mfuma nguo mmoja aliandika mchezo wa Mateso mwaka 1816. Wanakijiji wenyewe waliucheza: mkulima akawa Pilato, fundi akawa Petro, na mwingine ikambidi awe Yuda, kama tufanyavyo sisi tunapoigiza Njia ya Msalaba. Mchezo ule ulipata sifa hata watu wakatoka Marekani mwaka 1897 kuja kuupiga picha za sinema, wakati ambapo sinema yenyewe ilikuwa kitu kipya kabisa duniani.

Mwaka 1948 Wakomunisti walishika serikali. Mwezi wa Aprili 1950 walizifunga nyumba za watawa wanaume. Padre hakuweza kuhudumia parokia bila kibali cha serikali, na kibali hicho kingeweza kuondolewa wakati wowote. Miloslav Vlk, padre wa Kikatoliki, alinyimwa kibali mwaka 1978, akafanya kazi ya kuosha madirisha katika mji wa Praha mpaka mwaka 1986, huku akiwahudumia waamini kwa siri. Baadaye, mwaka 1991, padre huyohuyo alikuwa Askofu Mkuu wa Praha, na mwaka 1994 akafanywa Kardinali. Mchezo wa Hořice nao ulikoma, ukafufuliwa tu katika miaka ya 1990.

VIJANA WASIO NA KIBALI

Mwaka 1968 serikali ya Chekoslovakia ilianza kulegeza kamba, na watu wakaanza kusema kwa uhuru. Furaha hiyo haikudumu. Usiku wa tarehe 20 kuamkia 21 Agosti 1968 majeshi ya Urusi na ya nchi rafiki zake yaliingia na vifaru. Mwaka huohuo, kijana wa miaka 17 jina lake Milan Hlavsa alianzisha kundi la muziki wa roki pamoja na wenzake. Walijiita The Plastic People of the Universe, yaani watu wa plastiki wa ulimwengu, jina walilolipata katika wimbo wa Mmarekani Frank Zappa.

Katika nchi ile si padre tu aliyehitaji kibali. Mwanamuziki naye alipaswa kuwa nacho, ndipo aruhusiwe kulipwa, kupata vyombo na kupiga katika kumbi za watu. Mwaka 1970 kundi hili lilipoteza kibali chake. Wao hawakutaka kubadilisha nywele wala nyimbo ili warudishiwe. Basi wakawa wanapiga vijijini, katika arusi za marafiki na katika nyumba za wageni za mashamba, na watu waliambiana mahali kwa kunong'onezana.

Mwaka 1972 aliingia katika kundi mpiga saksafoni mmoja jina lake Vratislav Brabenec. Huyu alikuwa mtu mzima kuliko wenzake, aliyejifunza kazi ya bustani, kisha akasomea mambo ya dini. Alitoa sharti: kama wanamtaka, waache kuimba nyimbo za wengine kwa Kiingereza, waimbe nyimbo zao wenyewe kwa Kicheki. Wakakubali. Tangu hapo ubaya wao mbele ya serikali ulizidi, maana sasa kila mtu nchini aliweza kuelewa walichokuwa wakisema.

Mwezi wa Machi 1974 vijana mamia walisafiri kwa gari moshi mpaka karibu na mji wa České Budějovice ili kuwasikiliza. Polisi waliwangoja. Waliwapiga virungu pale kituoni, wakawarudisha garini, na baadaye wanafunzi wengine wakafukuzwa shule. Hawakuwa wamevunja dirisha la mtu. Walikuwa wamekuja kusikiliza nyimbo.

MTU ALIYESIKILIZA KWANZA

Hapa nataka wazee wenzangu wakae vizuri. Katika mji wa Praha alikuwako mwandishi wa michezo ya kuigiza, Václav Havel, mtu wa vitabu, mwenye adabu za mjini. Alikuwa amesikia habari za vijana hawa, na habari zenyewe hazikuwa nzuri: walevi, wachafu, watu wa matusi. Mwanzoni mwa mwaka 1976 alikutanishwa na Ivan Martin Jirous, msomi wa sanaa za picha aliyekuwa kama mlezi wa kundi hili. Jirous alikuwa Mkatoliki, naye rafiki zake walimpachika jina la Magor, yaani kichaa. Alikuwa na nywele mpaka mabegani. Alifika na mashine ya kunasia sauti iliyochakaa, akamfungulia Havel nyimbo zile.

Havel alisikiliza. Baadaye alisimulia kwamba aliona mara moja kuwa katika sauti zile mlikuwa na ukweli, uchungu wa watu ambao hawakutaka kudanganya. Wakaongea mpaka usiku wa manane, wakaagana kwamba watakwenda pamoja kwenye onyesho la muziki. Kabla siku hiyo haijafika Jirous alikamatwa.

Polisi waliwakamata wanamuziki na marafiki zao mwezi wa Machi 1976. Mwezi wa Septemba mwaka huo wanne walisimamishwa mahakamani Praha kwa shitaka la kuvuruga utulivu. Jirous alipewa miezi 18. Pavel Zajíček, wa kundi jingine la namna hiyo, alipewa miezi 12. Brabenec mpiga saksafoni alipata miezi 8, na miezi 8 pia alipata Svatopluk Karásek, mchungaji wa Kiprotestanti aliyekuwa akiimba nyimbo za dini kwa gitaa.

Havel alikwenda kushuhudia kesi hiyo, akatoka amechukizwa. Aliona kwamba kama kijana aweza kufungwa kwa sababu anaimba apendavyo, basi hakuna mtu aliye salama nyumbani mwake. Watu ambao zamani wasingeketi meza moja, wasomi wazee, Wakatoliki, Waprotestanti, hata Wakomunisti waliofukuzwa chamani, wakaungana. Tarehe 1 Januari 1977 walitoa hati iitwayo Charta 77, wakaikumbusha serikali ahadi ilizotia sahihi yenyewe juu ya haki za watu. Waliotia sahihi mwanzoni walikuwa zaidi ya 200. Mmoja wa wasemaji wao wa kwanza, mwanafalsafa Jan Patočka, mzee wa miaka 69, alifariki tarehe 13 Machi 1977 baada ya kuhojiwa na polisi kwa saa nyingi.

Angalieni basi, ndugu zangu, jambo lilikoanzia. Lilianzia kwa mtu mmoja wa heshima aliyekubali kukaa kitako na kuwasikiliza watu aliokuwa ameambiwa ni wahuni.

PASAKA YA MWAKA 1978

Sasa twaja kwenye wimbo wenyewe. Brabenec alipotoka gerezani aliandika maneno ya kuimba, akayachukua katika Maandiko Matakatifu. Hlavsa alitunga muziki. Wakaiita kazi hiyo Pašijové hry velikonoční, yaani Mchezo wa Mateso wa Pasaka, jina lilelile la michezo ya vijijini ya zamani. Mahali pa kuipiga hapakuwapo, maana ukumbi walikuwa hawaruhusiwi. Havel, aliyekuwa ametoka tu mahabusu mwezi wa Machi mwaka huo, aliwafungulia nyumba yake ya shamba iliyoko Hrádeček, kaskazini mwa nchi, si mbali na mji wa Trutnov. Mwezi wa Aprili 1978 wakaipiga humo na kuinasa kwenye utepe.

Nitajaribu kueleza inavyosikika, ingawa sauti haiandikiki. Msitegemee uzuri wa kwaya ya Krismasi. Gitaa la besi linarudia sauti zilezile chache, nzito, polepole, kama watu wanaobeba kitu kizito kupanda mlima. Fidla zinakwaruza kuliko kuimba, na kati yao imo ile fidla kubwa ambayo mpigaji huishika katikati ya magoti. Saksafoni inalia, mara nyingine inapiga kelele kama mtu aliyeumizwa. Waimbaji wanasema maneno zaidi kuliko kuyaimba, kwa sauti kavu isiyo na pambo, kama msomaji wa Mateso siku ya Ijumaa Kuu. Ukiusikia muziki huu gizani, waweza kuogopa.

Ndipo watu huuliza: kwa nini wameifanya hivi? Kwa nini giza lote hilo?

Mimi naona jibu limo katika Injili yenyewe. Tumezoea kusikia Mateso kila mwaka, hata masikio yetu yamekuwa laini. Tunajua mwisho mwema unakuja siku ya tatu, basi twapita haraka. Lakini hebu tutazame yaliyotokea usiku ule. Watu wanakula chakula mlango ukiwa umefungwa. Rafiki mmoja amekwisha kuuza habari zao. Askari wanakuja usiku na mienge. Mwenzao wa karibu anaulizwa kama anamjua mshitakiwa, anakana kwa woga. Mashahidi wanasema uwongo mbele ya baraza. Hakimu anaona wazi kwamba mtu huyu hana kosa, lakini anaogopa wakubwa wake na kelele za watu, ananawa mikono. Kwa wale waliokuwa Hrádeček, mambo hayo hayakuwa ya kale. Walikuwa wamekwisha kusikia mlango ukigongwa usiku, nao walimjua hakimu anayetia sahihi ili asipoteze kazi yake.

Hata Yuda walikuwa naye. Mshairi Egon Bondy alikuwa kama mwalimu wao, na mashairi yake waliyaimba miaka mingi. Faili za polisi wa siri zilipokuja kufunguliwa baadaye, ilionekana kwamba huyo naye aliwahi kuwapasha polisi habari. Wakati wanaimba hawakulijua hilo, lakini walijua kwamba katika kila kikao huenda yupo mmoja wa namna hiyo.

Kwa hiyo muziki wao haukutiwa giza ili kutisha watoto. Watu hawa waliyaimba Mateso kwa sauti waliyoijua.

Sisemi kwamba walikuwa watakatifu. Pombe waliipenda, na zipo nyimbo zao nyingine zenye maneno ambayo nisingependa kuyasikia mezani kwangu. Baba mwenye busara atachagua. Lakini katika kazi hii ya Mateso hawakumdhihaki Bwana. Walipotafuta maneno makubwa ya kutosha kueleza taabu ya nchi yao, waliyakuta katika Injili, ingawa serikali ilikuwa imejaribu kwa miaka 30 kuwafanya vijana waisahau.

KINU CHA MUNGU

Nyumbani wimbo huo usingeweza kuuzwa. Watu walinakili utepe kwa utepe na kupeana kwa siri. Nakala moja ilivushwa mipaka ikafika Toronto, Canada, kwa Paul Wilson, Mkanada aliyewahi kukaa Praha na kuimba na kundi hili, kisha akafukuzwa nchini mwaka 1977. Yeye ndiye aliyetoa sahani ya santuri mwaka 1980. Shirika lake dogo la santuri aliliita Boží Mlýn, yaani Kinu cha Mungu. Wacheki wana methali kwamba vinu vya Mungu husaga polepole lakini husaga kwa hakika. Sisi nasi twasema, polepole ndio mwendo.

Kinu kilisaga taratibu kweli. Polisi walijenga kibanda cha ulinzi karibu na nyumba ya Hrádeček ili wamwone kila mgeni wa Havel. Mwezi wa Mei 1979 Havel alikamatwa tena, akakaa ndani mpaka Februari 1983. Brabenec alisumbuliwa mpaka ikambidi kuihama nchi mwaka 1982, akaishia Canada. Jirous alifungwa mara tano, jumla miaka minane na nusu. Kwa miaka kadhaa alikuwa Valdice, gereza gumu ambalo majengo yake zamani yalikuwa monasteri ya watawa Wakartusi. Humo, mahali palipokuwa pa sala, alitunga mashairi mengi yaliyo kama sala, yakatolewa nje kwa siri, yakachapishwa Ujerumani mwaka 1986. Kundi lenyewe lilivunjika mwaka 1988.

Mwaka uliofuata, tarehe 17 Novemba 1989, wanafunzi waliandamana Praha, wakapigwa. Watu wakajaa barabarani, siku baada ya siku, bila silaha. Tarehe 29 Desemba mwaka huohuo Václav Havel, mfungwa wa jana, alichaguliwa kuwa Rais, na siku hiyohiyo Kardinali František Tomášek, mzee wa miaka 90, aliongoza Te Deum katika kanisa kuu la Mtakatifu Vitus. Mwaka 1997, Charta 77 ilipotimiza miaka 20, wale wanamuziki walikutana tena na kupiga katika Ngome ya Praha, makao ya Rais. Milan Hlavsa alifariki Januari 2001. Jirous na Havel walifariki mwaka 2011, mmoja Novemba, mwingine Desemba.

NENO KWA WAZAZI NA VIJANA

Narudi sasa kwenye swali la mlangoni. Sidai kwamba kila kelele ni sala. Vijana wengi hupiga kelele kwa sababu jirani naye anapiga, wala hawajui wanachokiimba. Lakini habari hii ya Wacheki inatupa njia mbili za kupima, na zote hazihitaji elimu kubwa.

Kwanza, baba au mama, usiulize juu ya nywele. Wahenga walisema, akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mwambie mwanao akueleze maneno ya wimbo wake, mstari kwa mstari, kwa lugha ya nyumbani. Kama hawezi, basi amekamata kelele tu. Kama aweza, nyamaza usikilize mpaka mwisho, hata kama sauti inakuumiza sikio.

Pili, ninyi vijana. Brabenec alidai nyimbo ziimbwe kwa lugha ambayo mama zao waliielewa, ingawa Kiingereza kingewaepusha na shida nyingi. Mkitaka kutuimbia Mateso ya Bwana, imbeni kwa maneno yenu, na mtuonyeshe kwamba mmeyafikiri. Yuko kijijini petu mjane aliyenyang'anywa shamba kwa ushahidi wa uwongo. Yuko kijana aliyewekwa ndani bila kosa kwa sababu tu hakuwa na mtu wa kumsemea. Wimbo unaowakumbuka hao mbele ya Msalaba, mimi sitausikitikia kwa sababu ya gitaa. Kama utapigwa ndani ya kanisa ama nje uwanjani, hilo Padre Paroko ataamua.

Basi, juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya vyeti vya ubatizo, maana wengi mnakuja kuvitafuta siku tatu kabla ya arusi. Kaeni salama.

Karani wa Parokia